Pua Iliyowalisha Kware

Kinuni walimwita Pua, na hakuchukia. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mgeni akifika getini akalitaja, mlinzi alikuna kichwa mpaka aambiwe "yule mzee anayenusa", ndipo akacheka na kumwelekeza. Kazi yake ilikuwa kuchanganya chakula cha mifugo, kazi ya vumbi, ya kutoka jioni nyusi nyeupe na koo kavu, na katika kazi hiyo alikuwa na kipaji ambacho hakukisomea popote. Alichota mahindi kiganjani, akayasogeza puani, akafumba macho, kisha akasema kama yamelala kwenye unyevu au la. Mashudu ya soya yaliyoungua aliyajua gunia likiwa bado limefungwa. Unga wa samaki uliotiwa mchanga, usiseme. Huo aliukemea kama mtu. Wenzake walimtania kwamba jirani akitia chumvi mara mbili kwenye mboga, Pua ndiye wa kwanza kupata habari.

Hata mke alimpata kwa pua hiyo. Siku moja alikuja kinuni msichana amekasirika, mkono mmoja mfuko wa chakula, mkono wa pili kikapu chenye kware aliyenyonyoka mgongo. Alitaka kujua wamemuuzia nini, maana ndege wake wanadonoana manyoya na mayai yamekuwa madogo kama gololi. Vijana wa kinu wakaangua kicheko. Enzi hizo kufuga kware kulionekana mchezo wa watoto. Pua hakucheka. Alichota kile chakula, akanusa, akamwambia, "Dada, chakula hiki ni kizima. Ila ni cha kuku. Hawa wako hakiwatoshi."

"Kwani kuku si mkubwa kuliko kware?"

"Mkubwa, lakini kware anataga karibu kila siku, na yai lake ukililinganisha na mwili wake ni mzigo. Anahitaji protini nyingi, tena si protini basi. Ndani yake kuna viungo vingi, na viwili ndivyo vinavyowahi kuisha: laisini na methionini. Chukulia unashona mashati. Kitambaa unacho robota zima, vifungo huna. Utauza shati gani?"

Msichana akafikiri. "Basi nipe vifungo."

Akamfungulia kopo la methionini. Msichana aliruka nyuma ameziba pua, kwa sababu unga ule mweupe, mzuri kwa macho, unanuka kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa, na chini yake kuna yai viza. Akauliza kama mtu anayeshika vitu hivi kutwa nzima atapata mke kweli. Pua, ambaye mpaka siku ile alikuwa bubu mbele ya wasichana, akajibu kwamba akitokea wa kuivumilia harufu hii, anaoa kesho. Haikuwa kesho, lakini haikuchukua muda.

Mkewe alikuwa na jicho la kuwajua ndege. Kila kizazi alibakiza tetea watulivu, wenye kifua kipana, wanaotaga wakati wenzao wamechoka, na majogoo wasio na fujo; wengine wote waliuzwa. Mwaka baada ya mwaka kware wake wakawa na sura yao wenyewe, weusi kidogo kuliko wa kawaida, wazito mkononi, na watu walisafiri kuja kununua mayai ya kutotolesha. Yeye alichagua, mume alilisha. Na katika kulisha Pua alikuwa na ujanja wake: alipunguza soya na unga wa samaki, vitu vya bei mbaya, kisha pengo akaliziba kwa methionini aliyoipima mwenyewe, kijiko kwa kijiko, juu ya turubai uani. Ikipungua, tetea anajichuna nyama ya kifua chake kulitengeneza yai, mpaka anabaki mfupa. Ikizidi, ndege wanakisusa chakula. Kwa hiyo hakuruhusu mkono mwingine uguse kopo, na kila kopo jipya alilinusa kwanza, mkewe amesimama pembeni amejiziba pua kwa kitambaa, anamcheka.

Kisha mkewe akaugua tumbo. Walipofika hospitali kubwa waliambiwa ugonjwa umeshasambaa, na Pua akatoka kwenye korido akasimama ameshika ukuta, mtu mzima, analia mbele za watu wala hajali. Siku za mwisho mgonjwa aliongea kidogo sana. Alimwambia binti yao wa pekee, "Kware wangu wasiishe," kisha akamgeukia mumewe akayarudia maneno hayohayo, polepole, akisubiri aitikie. Pua akaitikia.

Binti aliacha kazi dukani akahamia kwenye vizimba. Alikuwa mwanamke mzima, ameolewa na kuachika, mwenye mkono wa mama yake na ukimya wa baba. Hakuweza peke yake, akamwita rafiki yake wa tangu shule, Mama Pacha, aje kulinda mashine ya kutotolea: kugeuza mayai, kuangalia joto, kujaza maji ya unyevu. Mama Pacha alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, na nyumba ile iliyopooza ilianza tena kusikia kicheko.

Halafu pigo likafuata pigo. Ugonjwa wa ndege ulipita mtaani ukafagia vizimba vyote isipokuwa kimoja, kile cha chumba cha nyuma, chenye tetea wachanga na majogoo wachache. Waliowahi kununua mayai kwao walishawachanganya ndege wao na aina nyingine, kwa hiyo kware wa marehemu walikuwa hao tu duniani. Na kware hasubiri. Akitimiza mwaka hivi, utagaji unashuka na mayai hayatotoki vizuri. Ama tetea hawa watoe vifaranga msimu ule, ama ndiyo basi tena. Binti alilijua hilo, Pua alilijua, na Mama Pacha aliacha hata kufanya mzaha mbele ya mashine.

Katika kipindi hichohicho Pua akashikwa na mafua, si haya ya kupiga chafya, bali ya homa na kulazwa kitandani. Alipoinuka, chai haikuwa na harufu. Sabuni haikuwa na harufu. Hakushtuka, mafua huziba pua, nani asiyejua. Kilichomshtua ni mtandio. Mkewe alipofariki, Pua aliuficha mtandio mmoja wa marehemu ndani ya mfuko wa nailoni, haujafuliwa, na siku akizidiwa na upweke aliufungua mfuko, akavuta pumzi moja, akaufunga haraka harufu isije ikaisha. Siku hiyo alivuta, hakupata kitu. Akavuta tena. Akauzamisha uso wote, akavuta mpaka kifua kikauma. Kilikuwa kitambaa tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mtandio magotini, akaona amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kumpa pole.

Wa kumpa pole hakuwepo kwa sababu hakumwambia mtu. Hapo ndipo anapolaumika, na hata ukimpenda vipi huwezi kumtetea. Lakini angesemaje? Kinu kizima kinamwita Pua. Binti anawaambia wateja, "Chakula chetu kinapita kwenye pua ya baba." Alijiambia itarudi. Kila asubuhi alikata kitunguu, akatokwa machozi bila kupata harufu, akasema labda kesho. Na huku akiingoja hiyo kesho aliendelea kuigiza: anachota, anasogeza, anafumba macho, anatoa hukumu. Macho na vidole vilimbeba. Mahindi mabovu yana rangi yake, soya iliyoungua inakwaruza. Hakuna aliyemshtukia, na hilo likampa kichwa akadhani anaweza kwenda hivyo hivyo mpaka mwisho.

Methionini ikaisha. Duka walilozoea lilikuwa limefungwa, binti akanunua mfuko kwa mchuuzi mwingine. Aliuleta uani akiwa tayari amejiziba pua kwa upindo wa kanga, tabia aliyoirithi kwa mama yake.

"Baba, nusa kwanza. Huyu mtu simjui."

Pua akafungua, akachota, akafumba macho. Kisha akayafumbua akautazama unga. Ulikuwa mweupe, unang'aa vizuri. "Uko sawa, mama," akasema.

"Una uhakika?"

"Mimi tena?"

Binti akacheka nyuma ya kanga, akarudi ndani kwenye kazi zake. Pua akaanza kupima vijiko.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba tetea hawakuumwa. Hawakulala chini, hawakukohoa, waliendelea kutaga. Mayai yalipungua ukubwa kidogo kidogo, migongo ikaanza kunyonyoka, na ukimshika mmoja unakutana na mfupa wa kifua umechongoka. Binti alisema labda ni joto. Pua alisema labda ni joto. Yeye, aliyewahi kuletewa dalili zilezile ndani ya kikapu na msichana aliyekuja kuwa mkewe, alisema labda ni joto. Moyoni alijua pa kutazama, lakini kuutilia shaka ule unga kulikuwa sawa na kusema, "Sikuunusa, nilidanganya." Basi akaongeza kijiko. Ukiongeza kijiko cha kitu ambacho si kitu, umeongeza nini?

Mayai ya kwanza kuingia mashineni yalitoa vifaranga wachache, dhaifu, vichwa vinaanguka. Hawakumaliza hata wiki. Mayai yaliyofuata hayakutoa hata kifaranga mmoja. Binti aliyapasua na kuwakuta wamekamilika, macho, kucha, manyoya, wamekufa wakiwa wamekunja shingo tayari kutoka. Alilia akiwa amewasimamia, kisha akanawa uso, akamwita Mama Pacha.

"Nikuulize kitu, usikasirike," alianza, na anayeanza hivyo ameshakasirika yeye. "Juzi umeme ulipokatika, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Niliwasha jenereta nikakupigia simu. Umesahau?"

"Ulinipigia ukiwa hapa, au ukiwa kwa wanao?"

Mama Pacha akaweka chini beseni la maji. "Shoga, sema unachotaka kusema."

"Mashine ilipoa. Mayai hayajiui yenyewe."

"Haikupoa. Kulwa wangu alikuwa anachemka homa siku ile na sikwenda. Nilikaa na mayai yako."

"Si yangu. Ni ya mama."

"Najua ni ya nani. Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha uji mama yako, siku wewe ulipokuwa huwezi kumtazama."

Pua alikuwa palepale, turubai mbele yake, koleo mkononi. Mama Pacha akamgeukia. "Baba, hebu sema wewe. Unanijua mimi."

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limefika hadi kwenye meno. Angelisema siku ile, mengi yangeokoka: kwenye kizimba bado kulikuwa na tetea wanaotaga, na wiki chache za chakula kizuri zingewarudisha. Akalimeza. "Mashine nazo zina mambo yake," akasema, akainama kugeuza chakula.

Mama Pacha alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama anayemtafuta mtu aliyekuwa pale jana. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akawaaga wote wawili kwa adabu. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Binti alijikaza kisabuni akalinda mashine mwenyewe, hali wala halali vizuri, anaweka mayai ya mwisho yaliyopatikana kabla tetea hawajaacha kutaga kabisa.

Ukweli ulimfuata Pua kinuni, mchana kweupe. Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai aliingia na mfuko, amevimba kwa hasira. "Mzee wangu, wewe ndiye bingwa. Ninusie hii uniambie ni nini."

Pua aliutambua mfuko kabla haujafunguliwa. Ulikuwa na chapa ileile. Wapakiaji walishakusanyika, maana kumtazama Pua akinusa ilikuwa burudani yao. Afanyeje? Alichota, akasogeza, akafumba macho.

"Methionini," akasema. "Nzuri tu."

Hakuna aliyecheka. Yule mfugaji hasira zilimwisha palepale, sauti ikashuka. "Mzee, hebu nusa tena."

"Nimeshanusa."

"Mzee wangu, hii haina harufu kabisa. Sijui ni chumvi, sijui ni chokaa iliyosagwa, lakini methionini si hii. Ndiyo iliyonimalizia kuku."

Mfuko ukapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliuinua puani, akaushusha, akatazama sakafu. Mpakiaji mmoja, yule mwenye utani kuliko wote, alimletea Pua kiti akamwambia akae kidogo, apumzike. Wangemcheka ingekuwa afadhali. Alikaa dakika chache kwa kuwaheshimu, kisha akaomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa miguu akiwa na vumbi lake la kazini.

Alimkuta binti chumba cha nyuma, ameketi mezani mbele ya trei ya mayai ya mwisho. Siku yao ya kutotoka ilikuwa imepita. Alikuwa anayapasua moja moja juu ya bakuli, taratibu, kwa kutumia ncha ya kijiko. Hakuinua uso.

"Mama," Pua akasema akiwa bado mlangoni. "Si Mama Pacha."

"Baba, tafadhali. Najua unampenda."

"Si yeye. Ni ule unga. Haukuwa methionini, ulikuwa uchafu tu. Nimeuona leo kwa mtu mwingine."

"Si uliunusa?"

"Sikuunusa." Alishika mwimo wa mlango. "Mimi sinusi, mwanangu. Tangu yale mafua. Sinusi kitu."

Kijiko kilisimama juu ya yai. "Hata chai?"

"Hata chai. Hata mtandio wa mama yako."

Alingoja apigiwe kelele. Alizitaka zile kelele, alikuwa amezisikia kichwani njia nzima, na majibu yake ameyaandaa: kwamba aliogopa, kwamba alidhani itarudi, kwamba mzee akikosa kazi anabaki kuwa mzigo. Binti alimtazama tu, machozi yanamshuka bila sauti, na aliposema alisema kwa upole.

"Ungeniambia, ningenusa mwenyewe."

Majibu yote aliyokuwa ameyaandaa yakaisha. Ilikuwa hivyo tu kumbe. Kuteremsha kanga puani, kuinama, kuvuta pumzi moja. Mtu yeyote mwenye pua angefanya, hata mtoto, na kware wa mkewe wangekuwa na vifaranga wao saa hii. Alitaka kusema samahani akaona ni neno dogo mno, akalisema hivyo hivyo, na binti akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Kisha binti akasimama, akanawa mikono, akajitanda. "Naenda kwa Mama Pacha."

"Twende wote. Nimweleze mimi."

"Kaa, baba. Utaenda siku yako."

Pua akabaki peke yake na trei. Hakujua la kufanya na mikono yake, akaketi kwenye kiti cha binti, akachukua kijiko, akaendelea pale alipoishia. Yai la kwanza, amekufa. La pili, amekufa. Akaendelea, kila mmoja akimweka bakulini kwa uangalifu wa mtu anayeweka kitu kinachoweza kuumia. Karibu na mwisho wa trei alisikia kitu kinakwaruza. Akashika yai moja, akaliweka sikioni, na ndani yake mtu anagonga.

Akalilaza yai kiganjani. Alibandua ganda kipande kwa kipande, analilowesha kwa maji ya uvuguvugu, anapulizia, anamsemesha maneno ambayo mkewe alikuwa akiwasemesha vifaranga enzi zile. Alitoka kifaranga mweusi kidogo kuliko wa kawaida, hana hata uzito. Akamfunika kwa viganja viwili. Kifaranga alifumbua jicho, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Pua akaita jina la binti, na baada yake, bila kutaka, akaita la mkewe. Nyumba ilikuwa tupu. Mpaka jirani mmoja alipochungulia dirishani kuuliza kulikoni, kilichokuwa ndani ya viganja kilikuwa kimeshatulia.

Binti alirudi jua limeshuka, macho yamevimba. Alivua viatu mlangoni. "Amesema amenisamehe," akasema. "Amesema nisiende tena kwake."

Binti akaitazama trei iliyokwisha, akalitazama bakuli. "Hakuna hata mmoja?"

Angeweza kusema hakuna. Ingekuwa rahisi, na binti angelala. "Alikuwepo mmoja," akasema. "Alitoka hai. Alipumua kidogo, akafa mikononi mwangu."

Binti akavuta kiti cha pili, akaketi karibu naye, akanyoosha kiganja juu ya meza.

"Nipe nimwone."

Pua akafungua mikono, akamwekea.